Kikoi Juu ya Televisheni

Sehemu ya kumi na moja

Mzee Abdala alikuwa bado amesimama mbele ya televisheni, na kikoi alichokuwa amejitanda begani kilikuwa kimeshafunika kioo chote, juu mpaka chini.

Hapo ndipo tulipomwacha wiki iliyopita, na lawama nimezipata. Msomaji mmoja wa Mlandizi ameniandikia kwamba mzee kapandwa na maruhani. Mwingine wa Tanga anasema mzee hapendi filamu za damu, basi. Wote wawili wamekosea, na mimi sina haraka ya kuwasahihisha.

Kwa aliyechelewa kufika, ilikuwa Idi pili, baada ya Adhuhuri, ndani ya banda la video la Mwinyijuma karibu na soko la samaki, Bagamoyo. Filamu iliitwa Pwani Haina Shahidi, ya majambazi na visu, na mji mzima uliijia kwa sababu moja tu. Ilipigwa hapo hapo mjini, na mtoto wa hapo hapo, Ashrafu. Wanaume walijaa mbele kwenye mabenchi, na wanawake walikaa nyuma na kanga zao za sikukuu. Mwaija, mke wa Mzee Abdala, alikuwa nyuma huko na jirani yake Sihaba.

Kwenye filamu, jambazi alikuwa amemfunga kijana mmoja vidole gumba kwa kamba ya kijani ya nyavu, akamchoma kisu chini ya kwapa, akamtupa mchangani. Vijana walikuwa wamepiga miluzi. Halafu picha ikamsogelea maiti, kifua wazi, nguo imeteremka kiunoni. Ndipo mzee alipoinuka.

"Babu, toa nguo. Stelingi anakuja."

"Mzee, watu tumelipa kiingilio hapa."

"Mwacheni, na yeye anaigiza. Ashrafu, umemlipa?"

Banda zima likaangua kicheko. Kuna aliyecheka mpaka akaegemea bega la mwenzake. Ganda la korosho lilirushwa kutoka benchi la tatu, likampiga mzee mgongoni, na yeye hakugeuka. Chini ya kikoi sauti ya filamu iliendelea, muziki na jambazi akichekacheka, na Mzee Abdala akawa anainyoosha nguo ile taratibu, upande huu, kisha upande ule, midomo ikimcheza.

Mwaija hakucheka, wala haya hakuona. Macho yake yalikuwa kwenye mikono ya mumewe.

Aliijua mikono ile. Mzee Abdala alikuwa mwosha maiti wa msikiti wao tangu ujanani, yeye na Sheikh Mwishehe, na watu wa mji ule waliozikwa kwa mikono yao hawahesabiki. Maiti huoshwa chini ya nguo. Nguo huanzia kitovuni, kisha hupandishwa kifuani, kisha hunyooshwa pande mbili ili asionekane na mtu. Abdala alikuwa anafanya hivyo hivyo, hatua kwa hatua, juu ya kioo cha televisheni.

Mtu hamsitiri mwigizaji, Mwaija akawaza.

Aliyemaliza fedheha ile ni mkwe wao, Mahmoud. Katika banda lote ni yeye peke yake kati ya vijana ambaye hakucheka. Aliruka mabenchi mawili, akachomoa waya ukutani, televisheni ikazima. Akamshika mzee mkono kwa upole, akamwambia, "Twende nyumbani, baba. Twende ukapumzike." Watu wakampisha. Nyuma kule, Sihaba akamnong'oneza Mwaija, "Shoga yangu, mkwe unaye."

"Ninaye," Mwaija akajibu, na alilisema kwa moyo wake wote.

Asubuhi ile ile Mahmoud alikuwa amewakanya. Alikuja na maandazi ya Idi, akasema, "Mama, filamu ile ina damu nyingi, haiwafai wazee." Mwaija akamjibu kwamba Ashrafu amewaalika kwa mdomo wake, na mwaliko wa jirani haukataliwi. Sasa alijuta kutomsikiliza.

* * *

Nyumbani Mzee Abdala alikaa kitandani, kofia mkononi. Mahmoud alisema anakwenda jikoni kumpashia baba chai, akatoka. Hajra, binti yao, mke wa Mahmoud, alikuwa amelala chumba cha uani. Mimba ilikuwa kubwa, na kama ilivyo ada ya mimba ya kwanza, alikuwa amekuja kujifungulia kwa mama yake.

Mwaija alisimama mbele ya mumewe.

"Ulikuwa unamfunika nani, Baba Najim?"

Mzee aliinamia kofia yake.

"Nakuuliza. Pale bandani ulikuwa unamfunika nani?"

"Nilisahau kama ni picha," mzee akasema. "Nilimwona kalala vile vile. Kidonda pale pale. Nikasahau."

"Kidonda gani?"

Mzee aligeuza kofia yake mikononi. Mwaija alibaki amesimama.

"Najim alikufa maji," alisema. "Wewe ndiye uliyeniambia. Ulitoka kumwosha, ukanikuta sakafuni na wanawake wamenishika, ukaniambia mtoto kafa maji, na uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyelala."

"Ndivyo nilivyosema."

"Na kweli ilikuwa nini?"

Barabarani mtoto wa jirani alikuwa akipuliza firimbi ya Idi. Kisha mzee akasema, polepole, mtu anavyotema mwiba wa samaki.

"Chini ya kwapa la kushoto. Padogo. Ukitazama haraka utadhani samaki kamdonoa. Sheikh Mwishehe alipotia pamba, pamba yote iliingia. Na gumba zake zote mbili zilikuwa na alama zimezunguka, nyekundu, mfano wa pete."

Mwaija akakaa. Si kitandani, alikaa pale pale chini alipokuwa amesimama.

Wasomaji wangu, nimekuwa nikiandika hadithi za mauaji katika ukurasa huu kwa muda, na huwa napita maiti haraka ili tumfukuze muuaji. Leo nitasimama kidogo, kwa sababu huyu mama alikuwa na haki ya kusubiriwa.

"Mimi ndiye niliyemwamsha," Mwaija alisema. "Unakumbuka? Alfajiri ile alikuwa hataki kwenda baharini. Alisema leo sijisikii. Nikamwambia ni uvivu, mwenzio Mahmoud anakusubiri ufukweni. Nikamvuta shuka. Tangu siku ile sijala samaki. Sijakanyaga mchanga wa pwani. Nimeigombeza bahari, nimejigombeza mimi, nimemwomba Mungu anisamehe kwa kumpeleka mwanangu majini. Na wewe umelala ubavuni mwangu unanisikia, unajua si maji."

"Nilikuwa nasikia."

"Ukanyamaza."

"Mwosha hasemi alichokiona, Mama Najim. Ukimwona maiti na aibu, unaifunika, unakwenda nayo kaburini kwako. Nimeishika amana hiyo kwa watu wa mji mzima. Ningeivunjaje kwa mwanangu mwenyewe?"

"Kuuawa ndiyo aibu?"

Mzee alifumba macho.

"Nilimwogopea," akasema. "Nilisema labda aliingia katika mambo, labda aliiba, labda alikuwa na mke wa mtu. Nikasema watu wasije wakamtafuna na yuko kaburini. Na ningepeleka habari polisi wangemchukua, wakampasue, alale kwenye majokofu siku ngapi. Wewe ulikuwa huna akili siku ile. Sheikh Mwishehe akanitazama, nikamtazama, tukamvisha sanda."

"Ulikuwa mwosha. Baba hukuwa?"

"Nilikuwa vyote viwili," Abdala akasema, na hapo machozi yakamtoka. Mwaija alikuwa hajayaona machozi ya mume wake katika ndoa yao yote, hata siku ya maziko. Alitamani kumshika mkono na alitamani kumpiga, na hakufanya lolote kati ya hayo.

Alilia kidogo yeye pia, kwa sauti ya chini ili Hajra asisikie. Kisha akajifuta kwa ncha ya kanga, na akili yake ikarudi mahali pake, maana Mwaija hakuwa mtu wa kulia akasahau alichotaka kuuliza.

"Basi Ashrafu aliyajua wapi mambo hayo?"

"Sijui."

"Mlikuwa wawili. Sheikh Mwishehe alimwambia."

"Mwishehe tumemzika kabla Ashrafu hajapata hata kamera. Na hata angekuwa hai, Mwishehe hakuwa wa kusema."

"Basi ni wewe."

"Wallahi si mimi."

Walitazamana. Mwaija alimwamini, na kumwamini huko kukamtia baridi.

"Tena kuna jambo," Mzee Abdala akasema, na sasa alikuwa ameinua kichwa, anawaza. "Ile kamba. Ile ya kijani. Mimi sikuiona."

"Umesema alikuwa amefungwa."

"Nimesema alama. Alipoletwa kwetu hakuwa na kamba yoyote. Tuliona alama tu. Mpaka leo, mpaka pale bandani, sikujua kama ni kamba au waya, wala sikujua rangi yake. Mimi na Mwishehe tusingeweza kumwambia mtu habari ya kamba."

Mwaija akasimama.

"Aliyemwambia Ashrafu aliiona kamba," akasema.

"Mama Najim, tulia kwanza."

"Nimetulia siku zote hizi. Baki hapa, nisubiri."

Akavuta mlango, akatoka kwa haraka, na mguu wake ukapiga kitu. Kilikuwa kikombe cha chai, kimewekwa sakafuni nje ya mlango, kimejaa, bado kinatoa mvuke. Chai ikammwagikia mguuni, ikamuunguza. Mahmoud hakuwapo ukumbini. Mwaija alidhani kijana ameona wazee wanazungumza, akaona haya kuingia. Akajifuta mguu kwa kanga, akashika njia.

* * *

Bandani filamu ilikuwa imerudishwa. Watu wa Idi hawafukuzwi na mzee mmoja. Mwaija aliingia wakati stelingi anamalizana na jambazi juu ya paa la gofu moja la kale, na vijana walikuwa wamesimama juu ya mabenchi, wanapiga makofi kwa mdundo. Jambazi alipoanguka, banda lilipiga ukelele mmoja wa furaha, kina mama na kina baba. Ilikuwa furaha ya kweli, haikuwa na ubaya ndani yake. Mwaija aliwatazama, majirani zake aliowapa pole na kupewa pole nao, akaona hawezi kuwachukia.

Taa zikawaka, watu wakaanza kutoka, kila mmoja na lake.

"Kipande cha kamba ndicho kimenikuna."

"Yule jamaa alivyorusha miguu. Utadhani kweli."

"Ya Dar haiifikii hii. Kwetu tumeweza."

Sihaba alikuwa bado amekaa, kanga mdomoni. Alipomwona Mwaija akamshika mkono.

"Mwenzangu, mimi sikuipenda," akasema. "Yule mtoto wa watu wamemuua mwanzoni, halafu basi, wakaendelea na mambo yao. Hakuna aliyemlilia. Hata mama yake hawakumwonyesha."

Sihaba hakujua alichokuwa anamwambia. Mwaija alimbana vidole tu, akapita.

Ashrafu alikuwa mbele, anakunja waya. Alipomwona alishtuka, akadhani amekuja kugombana.

"Shikamoo mama. Nisamehe sana kwa baba. Ningejua nisingewaalika."

"Marahaba, mwanangu. Sina ugomvi. Nataka kukuuliza kitu kimoja. Kile kipande cha kufunga vidole ulikitoa wapi?"

Uso wa Ashrafu ukafunguka. Ndicho kipande kilichokuwa kinasifiwa na kila mtu, na kijana anayesifiwa haangalii nani anauliza.

"Kile ni bahati, mama. Mimi niliandika afungwe mikono kwa nyuma, kama filamu zote. Tukaenda kupiga kule Mlingotini, mwigizaji wangu akawa anafunga, kamba inateleza, watu wanacheka. Tumerudia mpaka jua linataka kutuacha. Yule mwenye boti tuliyemkodi alikuwa kakaa pembeni anatutazama, mwisho akashindwa kuvumilia. Akashuka, akasema, mnaharibu kazi, mtu mwenye nguvu hafungwi mikono, anafungwa gumba mbili, hapo hata awe nani hatoki. Akakata kamba yake mwenyewe botini, akatuonyesha."

"Na kisu?"

"Kisu vile vile. Alisema chini ya kwapa damu haimwagiki sana botini." Ashrafu akacheka kidogo. "Nikamwambia, kaka, sisi tuko mchangani, boti ya nini. Akanyamaza."

"Mwenye boti yupi huyo?"

Ashrafu akamtazama kwa mshangao.

"Mahmoud, mama. Mkweo. Hakukwambia? Aliniomba jina lake nisiliweke mwisho wa filamu. Nikadhani ana haya."

Mwaija alishika ukingo wa benchi. Jambo la kwanza alilofanya ni kumtetea. Nalisema wazi, maana ndivyo mama alivyo kwa mkwe anayempenda. Wavuvi wote wanajua kufunga, akajiambia. Wavuvi wote wana kamba ya kijani. Mahmoud ndiye aliyejitosa majini Mlingotini akamtoa Najim, akamleta ufukweni mabegani, analia mpaka sauti imemkauka. Mahmoud ndiye aliyeingia kaburini kumpokea. Walikuwa wakishirikiana boti moja tangu wakiwa vijana wadogo, na boti ilipobaki kwake peke yake alikuwa anawaletea kitoweo kila Ijumaa. Arobaini ilipopita, mtu yule yule alipotuma posa kwa Hajra, Abdala na Mwaija hawakuuliza maswali. Walimpa binti yao kwa shukrani.

"Nionyeshe tena," alimwambia Ashrafu. "Hicho kipande tu. Usitie sauti."

Ashrafu akakiweka kwenye kompyuta yake ndogo, akampa kiti. Picha ilikuwa ya karibu kabisa. Hakukuwa na uso. Mikono tu, inazungusha kamba kwenye gumba za mwenzake, mara mbili, inapitisha katikati, inakaza. Ilifanya haraka, bila kubahatisha.

"Hii mikono ni ya yule mwigizaji wako?"

"Yake ilishindwa. Hapo kwenye picha ya karibu niliiweka ya Mahmoud mwenyewe. Hakuna aliyegundua."

Lakini Mwaija alikuwa ameshagundua. Kidole kidogo cha mkono wa kushoto kilikuwa kimepinda, hakinyooki. Kamba ya injini ndiyo iliyokivunja, wiki ya harusi. Bwana harusi alikuja kwake anauma meno, na Mwaija akamkalisha chini, akakikanda kwa manjano na mafuta ya nazi, akakifunga kwa kitambaa cha kanga yake, akamsomea. Akamwambia, "Sasa wewe ni mwanangu, nilikuwa na mmoja Mungu akamchukua, amenipa mwingine." Na Mahmoud aliinamisha kichwa akalia. Mwaija alilia naye.

Mji mzima ulikuwa umeipigia makofi mikono ile mchana huu.

"Zima, mwanangu," alisema.

"Mama, unaumwa? Nikuitie mtu?"

"Zima."

Alikaa kidogo. Alikumbuka jinsi Mahmoud alivyoruka mabenchi kuzima televisheni. Alikumbuka maandazi ya asubuhi. Halafu, bila kukitafuta, akakumbuka kile kikombe mlangoni, kimejaa mpaka juu na mvuke wake. Mtu aliyeona haya angerudi nacho jikoni. Aliyekiweka chini alikuwa amesimama pale, mikono miwili mitupu, anasikiliza.

Mwaija alitoka bandani akikimbia. Viatu vilibaki ndani.

* * *

Hakupunguza mbio mpaka kona ya mtaa wao. Nyumba ilikuwa kimya. Alipitiliza chumbani. Kitanda kilikuwa kitupu, na kofia ya Abdala haikuwapo.

Akaenda uani. Hajra alikuwa amekaa kwenye mkeka, amejiegemeza ukutani, nguo za mtoto zimetawanyika mapajani. Uso wake ulikuwa na jasho.

"Mama, ulikuwa wapi? Nimekuita."

"Baba yako yuko wapi?"

"Katoka sasa hivi na Mahmoud."

"Wamekwenda wapi?"

"Mlingotini, kwa boti. Mahmoud alikuja akamwambia kuna mtu kule alikuwapo siku ile ya marehemu kaka, anataka kusema mambo. Baba akasimama pale pale, hata swala hakusubiri. Nikamwambia Mahmoud, bahari imechafuka leo, na baba ni mzee. Akasema nisiwe na wasiwasi, atamshika."

Ufukwe haukuwa mbali na nyumba yao, mitaa miwili na soko. Mtu akikimbia, angeweza kuwawahi kabla hawajasukuma. Mwaija, ambaye hakuwa amekanyaga mchanga ule tangu maziko, alijifunga kanga kiunoni na kugeuka.

Hajra akamkamata mguu.

"Mama, usiende. Chupa imepasuka."

Mkeka ulikuwa umelowa. Hajra alimshika mama yake kwa mikono miwili, kwa nguvu, kama alivyokuwa akimshika alipokuwa mdogo na radi inapiga. Alipumua, akauma mdomo, uchungu ukapita. Alifumbua macho akamwona mama yake bado anatazama mlangoni.

"Mama, una nini?"

Mwaija alipiga magoti. Alifungua mdomo, na maneno yote yalikuwapo. Mume wako. Kaka yako. Mikono ile. Alimtazama mtoto wake usoni, aliyebaki peke yake, na tumbo lile lenye damu ya Mahmoud ndani yake, na hakupata hata neno moja ambalo lingemwacha mzima.

Saa moja haikuwa imepita tangu amlaumu mtu kwa kunyamaza.

"Sihaba," aliita kwa sauti kubwa juu ya ukuta, akarudia tena. "Sihaba, njoo mbio. Na mwambie Ashrafu na vijana wote wa bandani wakimbilie ufukweni, wamzuie Baba Najim asipande boti. Wote, Sihaba. Usiniulize."

Hakuna aliyeitika. Sihaba alikuwa hajarudi kutoka kwenye filamu.

Hajra alikuwa anamtazama, na paji la uso limekunjamana.

"Mama, wazuiwe kwa nini? Na mbona baba alipokuwa anatoka alikuwa anaongea peke yake. Alikuwa anasema kamba, kamba. Anamwambia Mahmoud, ukinionyesha mwenye kamba hiyo nitakuombea mpaka nife." Uchungu mwingine ulikuwa unakuja, akazidi kuubana mkono wa mama yake. "Kamba gani, mama?"

Mwaija alichukua ncha ya kanga akamfuta jasho. Alimfunika miguu kwa shuka, akalinyoosha upande huu, kisha upande ule.

"Kamba ya nyavu tu, mwanangu," akasema. "Hakuna kitu. Pumua."

Na huko ufukweni, nyuma ya soko, injini ya boti ilikohoa mara mbili, ikawaka.